Njia ya Baharini Inapita Kasumbalesa

Mjukuu wangu aliniingiza katika lile kundi lenu la simu, lile mnamopeana mashauri ya kwenda baharini kwa gharama ndogo. Nimekuwa nikisoma bila kusema neno. Mmoja wenu ameandika kwamba chupa inayonunuliwa katika duka lisilo na ushuru pale uwanja wa ndege hailipiwi chochote popote utakapoipeleka. Mwingine anasema unaweza kuvuka na kitu chochote, mradi uape ni chako. Wa tatu anawaambia mbebe kuku wa kukaanga na unga wa bukari, yaani ugali, kutoka Likasi hadi Dar es Salaam ili msitumie pesa njiani. Nikasema, hawa watoto wataishia mpakani, bahari wataiona kwenye picha.

Kwa msionijua, mimi ni Mama Godelieve wa Kikula. Kabla magoti hayajaanza kunisumbua, kazi yangu ilikuwa kusindikiza watu kwenda baharini kwa basi. Nilikuwa nakusanya wasafiri hapa Likasi, tunashuka Lubumbashi, tunavuka Kasumbalesa, tunaikata Zambia yote, tunavuka tena Tunduma, na kisha tunaendelea hadi Dar es Salaam. Watu walinicheka mwanzoni. Walisema bahari ni ya wazungu na ya wakubwa wa viwanda. Mimi nilipeleka wauza samaki, walimu, mafundi wa kuchomelea, na wajane waliokuwa hawajawahi kulala nje ya Katanga.

Nianze na kuku, kwa sababu kuku walinifundisha kazi.

Safari yangu ya kwanza niliwaambia akina mama wajipikie vya njiani. Walipika kweli. Basi lilinuka kitunguu saumu kutoka Likasi hadi mpakani. Dereva wetu alikuwa Papa Anaclet, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa amezeeka kwenye barabara ile. Aliziangalia zile sufuria, akawasha gari. Tulipofika mpakani, mkaguzi akasema nyama haivuki, samaki wakavu hawavuki, na unga wetu nao hauvuki bila kibali. Akina mama wakakataa kumwachia mtu chakula chao. Tukala kuku wote pale pale, tumesimama kwenye foleni, tukiwagawia madereva wa malori na hata yule mkaguzi mwenyewe. Papa Anaclet alipomaliza paja lake alijifuta mikono, akaniambia, "Mama Gode, siku ingine uniulize mbele ya kupika."

Tangu siku ile nikawa namwuliza. Yeye ndiye aliyenipa desturi niliyoishika hadi nilipostaafu. Kabla ya kuondoka Likasi, kila msafiri alifungua mizigo yake mbele ya wenzake na kutaja kila kitu kilichomo. Watu waliona haya. Papa Anaclet aliwaambia, "Kama unaona haya kuionyesha kwa jirani yako, utaionyesha namna gani kwa muntu wa duane?" Duane ndiyo forodha, kwa wale wanaotusoma kutoka mbali.

Hapo ndipo penye elimu yote, vijana wangu. Mtu wa forodha anataka kujua vitu viwili tu: kitu hiki ni nini, na kinakwenda kufanya nini. Nguo zako, sabuni yako, simu yako uliyokwisha kuitumia, hivyo ni vya safari. Zawadi chache za nyumbani, nazo zina nafasi yake. Lakini ukibeba vitenge vya jirani, viatu vya duka la shemeji na simu mpya ya mtu uliyekutana naye kwenye basi, wewe si mtalii tena, umekuwa mfanyabiashara, na utatendewa kama mfanyabiashara. Kama una kompyuta au kamera nzuri, ionyeshe wakati wa kutoka, ili ukirudi wasidhani umeinunua huko. Na kiasi kinachosamehewa ushuru hubadilika. Msimsikilize Mama Godelieve, wala msisikilizane ninyi kwa ninyi. Mwulizeni mtu wa forodha kabla ya kununua.

Na lile duka la uwanja wa ndege. Jina lake linadanganya watu. Muuzaji hakutozi ushuru wa kwake, basi. Nyumbani kwako wanakusubiri na sheria zao. Mteja wangu mmoja, fundi umeme, alipata pesa akaamua kurudi kwa ndege. Akamnunulia mke wake manukato, dukani wakamfungia chupa katika mfuko uliobanwa, wakamwambia asiufungue mpaka afike. Alipokuwa anangoja ndege ya pili, akasema ngoja nisikie harufu yake kidogo. Pale kwenye ukaguzi chupa ikabaki mezani. Alifika Likasi ananukia vizuri sana, mikono mitupu, na mke wake akataka kujua amenukishwa na nani. Niliitwa mimi kwenda kueleza.

Lakini nilichotaka kuwasimulia hasa ni safari ya Trésor na Gloire.

Trésor alikuwa mchimbaji. Alichimba Kakanda, kwenye mashimo ya mkono, pamoja na kaka yake mkubwa, Floribert. Gloire alikuwa mshonaji hapa Kikula, msichana wa kanisa, mwenye maneno machache na macho makali. Alipokubali kuolewa aliweka sharti moja: Trésor aachane na mashimo, na asijihusishe tena na mambo ya mawe ya magendo. Alikuwa ameona wajane wengi mno. Trésor akakubali. Wakafunga ndoa, na badala ya kufanya sherehe kubwa wakaniletea pesa zao, wakasema wanataka kwenda kukaa kando ya bahari siku chache. Wazazi walinung'unika. Mimi nilifurahi.

Floribert hakuwako kwenye ndoa ile. Shimo lilikuwa limemfunika mwaka uliotangulia. Watu walichimba kumtafuta mpaka udongo ulipoanza kuwaangukia na wao, wakaacha. Mama yao, Mama Kabedi, alilia msiba bila mwili.

Tulipofika Kasumbalesa, foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Mezani alikuwa mwanamke mmoja wa forodha, mnene, asiyepandisha sauti. Alipekua mfuko wa Trésor taratibu. Akatoa soksi moja iliyofungwa fundo, ambayo Trésor hakuitaja tulipofungua mizigo Likasi, akaipima mkononi.

"Mu hii soksi muko nini?"

"Ni dawa, madame," Trésor akasema.

Yule mwanamke akafungua fundo. Likatoka jiwe la kijani, lenye mistari myeusi, kubwa kama kiazi. Kila mtu wa kwetu analijua jiwe lile. Ni shaba bado mbichi.

"Dawa ya ugonjwa gani?"

Trésor akalitazama jiwe. Nilikuwa nyuma yake, nikaona shingo yake imelowa jasho. Vijana, jiwe ghafi halivuki mpaka bila makaratasi, liwe kubwa au dogo. Watu wamefungwa kwa ajili ya hilo. Lakini niliogopa zaidi nilipomtazama Gloire. Alikuwa hamwangalii yule mwanamke. Alikuwa anamwangalia mumewe.

"Uliniapia," akasema.

"Gloire, ngoja nikuelezee."

"Uliniapia mbele ya mama yako. Na minye niko hapa na mavazi ya ndoa mu sac, kumbe weye uko unapeleka mawe."

Watu waliokuwa nyuma wakaanza kunung'unika. Dereva wa basi lililokuwa nyuma yetu akapiga honi. Yule mwanamke wa forodha akawaita wenzake wawili, wakasimama kila upande wa Trésor. Nikasogea, nikamwambia kwa sauti ya chini yale ambayo Papa Anaclet, aliyebaki na basi, angemwambia. "Mwanangu, mambo ya dawa yameisha. Sema sasa vile iko."

Trésor akasema. Alimwambia yule mwanamke, lakini uso wake ulikuwa umegeukia kwa Gloire.

"Ni ya yaya yangu, kaka yangu Floribert. Alibakia mu shimo. Hatukumutosha inje. Hii jiwe alinipatia yeye, asubui ya ile siku, akasema angalia vile iko muzuri. Alikuwa anasemaka siku moja shiye bawili tutaenda kuona bahari. Nilitaka niitupe mu mayi ya bahari, ili na yeye afike. Njo vile tu."

"Juu ya nini haukuniambia?" Gloire akauliza.

"Juu ulisema hautaki tena kusikia habari ya mawe."

Yule mwanamke aliligeuza jiwe mkononi, akalipeleka kwenye mwanga. Mimi nimesimama mbele ya meza nyingi za forodha, nikajifunza kutowasukuma wakaguzi. Ukiwasukuma wanashika sheria kwa mikono miwili. Nikatulia.

"Bantu ya kuuza habapelekake jiwe moja tu," hatimaye akasema. "Lakini haivuke. Hata ingekuwa ya Papa yangu mwenyewe, haivuke."

"Ndiyo, madame."

"Na uliniongopea."

"Ndiyo, madame."

Akavuta pumzi. "Ile laini ya Zambia iko kule. Weye uko hapa. Jiwe haiyavuka, iko bado mu Congo. Irudishe. Na nikikuona tena na soksi ya kufunga, tutasema mambo ingine."

Hilo lilikuwa jambo kubwa alilofanya, na alilifanya bila kuvunja sheria yake. Nilimshukuru. Akasema nisimshukuru, nitoe watu wangu kwenye foleni.

Karibu na maegesho, upande huu wa Congo, alikuwako mwanamke anayeitwa Mama Bupe, aliyeuza mikate na mayai ya kuchemsha. Nilikuwa namnunulia kila safari na kumwachia vitu ambavyo wateja wangu walikatazwa kuvuka navyo. Trésor alimpa jiwe. Hakumweleza lolote, ila alimwomba asiliweke chini kwenye vumbi. Mama Bupe akalifunga katika kitambaa cha mikate, akaliweka ndani ya kikapu chake, akaendelea kuuza.

Tukavuka. Sasa mnajua Zambia ilivyo ndefu kwa basi. Gloire alihamia kiti cha mbele, karibu nami, na hakumsemesha mumewe. Alipokula alikata mkate wake, akampelekea nusu kwa mkono wa abiria mwingine. Nikamwuliza kama bado anadhani mumewe ni mwuza magendo.

"Hapana, Mama. Namwamini."

"Basi unamkasirikia nini?"

"Alikuwa na msiba ndani ya soksi, Mama Gode. Minye nilikuwa pembeni yake siku yote na sikujua."

Nikamwachia dirisha.

Tulipofika Dar es Salaam nilifanya kama nilivyozoea, na hapa chukueni kalamu. Hatukulala mjini, na Zanzibar hatukwenda, ingawa ni pazuri. Tulipanda pantoni hadi Kigamboni, tukapanga vyumba mtaa wa nyuma, ule ambao hauoni maji, kwa sababu dirisha la kuona bahari ndilo linalouzwa ghali, na bahari yenyewe ni ya bure ukitembea kidogo. Nendeni katika ile miezi ambayo kwetu ni ya baridi na vumbi, mvua za huko zimekwisha na wageni wa Desemba hawajafika. Tafuteni nyumba yenye jiko. Unga nunueni huko huko, sufuria bebeni. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, wenzetu wameikataza. Kadi ya njano ya chanjo iwe pamoja na pasipoti, si chini ya begi. Na samaki msiulize bei kabla hamjasalimia watu na kuuliza habari za nyumbani. Kiswahili chetu kinawachekesha, na mtu akicheka anapunguza.

Trésor alifika ufukweni akakaa kwenye mchanga, na viatu vyake miguuni, kama mtu anayesubiri gari. Wenzake waliingia majini, wakapiga kelele, wakapigana picha. Yeye alikaa. Siku iliyofuata vile vile. Niliona aibu kwa niaba yake, nikasema fungate gani hii.

Gloire ndiye aliyechoka. Alivua kandambili, akaingia majini na kitenge chake, peke yake, bila kugeuka nyuma. Hakuwa anajua kwamba wimbi likirudi huvuta mchanga chini ya miguu. Likampiga magotini, akaanguka, na kitenge kikamfunika kichwa. Trésor alikimbia na viatu vyake, akamshika chini ya mikono, wimbi la pili likawaangusha wote wawili. Maji yalikuwa ya magotini tu. Mtoto mdogo angesimama. Walikaa pale wakikohoa chumvi, kisha nikamsikia Gloire anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Likasi.

Hawakutoka majini. Walikaa pale pale penye kina kifupi, mawimbi yanawafikia kiunoni na kurudi, na Trésor akaanza kusema. Sikusikia yote, na hayakuwa yangu kusikia. Kila mara nilisikia jina la Floribert. Floribert alivyoiba papai la padri. Floribert alivyokuwa anaimba ndani ya shimo ili watu wa juu wajue yuko hai. Gloire alikuwa anauliza, naye anajibu, mpaka ngozi ya vidole vyao ikajikunja. Waliporudi chumbani Trésor aliomba chakula mara mbili.

Siku ya kuondoka Gloire alikuja kwangu na kikapu cha makombe ya baharini, mazuri, makubwa. Hakuningoja niseme. "Haya nayo hayavuke, si ndiyo?" Nikamwambia bila kibali hayavuki. Akayarudisha ufukweni mwenyewe, moja moja, na kwa uso wake niliona kwamba mengine yalimuuma.

Kasumbalesa tulimkuta Mama Bupe mahali pake. Jiwe lilikuwa safi kuliko tulivyoliacha, alikuwa amelipangusa. Trésor alilitia mfukoni, na alipolipitisha kuelekea Likasi hakuna aliyemwuliza, maana lilikuwa linakwenda nyumbani.

Nilikuwako walipompa Mama Kabedi. Trésor alimweleza yote, pamoja na uongo wa dawa. Yule mama hakulia. Aliomba maji katika beseni, akaliosha jiwe polepole kwa mkono wake, kama unavyomwosha mtoto uso. Kisha akasema, "Kama ingeenda mu bahari, minye ningebakia na nini?" Trésor akainamisha kichwa. Wiki ile ile walikwenda makaburini, wakachimba padogo, wakaliweka, wakasimika msalaba wenye jina. Ndipo kwa mara ya kwanza Mama Kabedi akawa na mahali pa kupeleka maua.

Yule mwanamke wa forodha hakujua alichotusaidia. Safari nyingi baadaye nilimsimulia. Akasikiliza yote, akaniuliza kama jiwe lilizikwa upande wa Congo. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi iko sawa," akamwita msafiri mwingine.

Trésor hakurudi Kakanda. Papa Anaclet alimfundisha kuendesha basi, kazi ya mwisho aliyoifanya kabla ya kustaafu, na alimfundisha kwa ukali ambao sikujua anao. Gloire anakusanya wasafiri kwa simu. Wengi wenu mnamjua, ingawa hamjui habari hii. Yeye haandiki kwamba kila kitu kinavuka. Anawaambia mfungue mizigo yenu hapa nyumbani, mbele ya wenzenu, na mnamwona msumbufu. Msikilizeni.

Mwaka huu Trésor na Gloire walinichukua baharini. Walisema nimesindikiza watu maisha yangu yote na sijawahi kusindikizwa. Nilikaa kwenye kiti cha abiria bila kuhesabu begi la mtu, na mikono yangu haikujua pa kukaa. Pembeni yangu alikuwa Mama Kabedi, ambaye tangu azaliwe hakuwa amevuka mpaka wowote. Pale Kasumbalesa alimwonyesha mtu wa forodha kila kitu alichokuwa nacho, hata rozari na miwani, kimoja kimoja, mpaka yule kijana akamwomba aache.

Kigamboni tulimpeleka hadi ukingo wa maji. Akainama, akachovya kidole, akaonja. Akafikiri.

"Kumbe ni kweli iko na chumvi," akasema. "Nilizani bantu banaongopa."

Gloire akamtandikia kitenge. Akakaa, akanyoosha miguu, maji yakaja yakamgusa visigino. Trésor akamwuliza kama anataka kutembea, au kupiga picha, au kwenda kuona soko la samaki kabla halijafungwa. Mama Kabedi aliyatazama maji yakienda na kurudi.

"Na kesho itakuwa hapa tena?"

"Itakuwa, Mama."

"Basi leo musinifanyishe mbio," akasema, akavua kitambaa kichwani.